Kumpeleka kijana wa raga ng'ambo: shule, chuo kikuu, akademi au klabu ya ridhaa?

Nafasi ya kucheza raga ng'ambo mara nyingi huanza na ujumbe mfupi tu wa simu: kuna timu inamtaka, anaweza kusafiri lini? Kijana huwatangazia wenzake kabla hata mzazi hajauliza jina la timu. Maswali ya maana huja nyuma, viza inapokwama au goti linapokatika, na wakati huo majibu yake huwa ghali.

Makala hii ni ya mzazi, kocha au mchezaji mwenyewe aliyefika njia panda. Inalinganisha njia nne: shule ya bweni, chuo kikuu, akademi ya klabu ya kulipwa, na klabu ya ridhaa, yaani isiyo ya kulipwa. Zote zimetoa wachezaji wakubwa. Zote pia zimewarudisha nyumbani vijana wenye vipaji, mikono mitupu.

Vigezo

Kila njia nimeipima kwa mambo matano. La kwanza ni pesa: nani analipa nini, na analipa mpaka lini. La pili ni masomo. La tatu ni raga yenyewe, yaani kiwango cha mechi na dakika ambazo kijana atazipata uwanjani, maana kukaa benchi miaka miwili kwenye klabu kubwa hakumkuzi mtu wa miaka 18. La nne ni karatasi. La tano ni mambo yakiharibika.

Hilo la tano ndilo ningelianza mimi. Kano ya mbele ya goti ikikatika, mchezaji hukaa nje takribani miezi 9, mara nyingi zaidi. Chukulia kijana ameumia hivyo katika wiki yake ya sita ugenini. Nani analipa upasuaji? Analala wapi? Na kesho yake asubuhi anaamkia shughuli gani? Ofa isiyo na majibu ya maswali hayo bado ni mazungumzo, hata kama jezi imeshatumwa.

Karatasi zinazomhusu kila mmoja

Kabla ya kutenganisha njia, kuna kanuni za World Rugby, shirikisho la raga la dunia, ambazo hazijali umepitia mlango gani. Mchezaji anayehama kutoka nchi moja kwenda nyingine huhitaji kibali cha maandishi kutoka chama cha raga anachokiacha. Bila kibali hicho atafanya mazoezi na wenzake wiki nzima, kisha Jumamosi atakaa jukwaani. Omba mapema.

Suala la timu ya taifa nalo huwachanganya wengi. Mchezaji anastahili kuichezea nchi aliyozaliwa, au aliyozaliwa mzazi wake au babu au bibi yake. Njia nyingine ni kuwa amesajiliwa katika nchi hiyo peke yake kwa miezi 60 mfululizo (zamani ilikuwa ni kukaa miezi 36), au kuwa ameishi huko jumla ya miaka 10. Tangu Januari 2022, mchezaji aliyekwisha kuichezea nchi moja anaweza kuhamia nyingine mara moja tu, baada ya kukaa miaka 3 bila kuitwa, na ni lazima nchi hiyo mpya iwe ya kuzaliwa kwake au kwa wazazi au mababu zake. Kwa hiyo kijana anayeondoka leo hapotezi nchi yake kwa kuondoka tu. Na klabu haina ruhusa ya kumfunga kwa mkataba unaomzuia kuitikia mwito wa taifa katika vipindi rasmi vya mechi za kimataifa. Ukikuta kifungu cha namna hiyo kwenye mkataba, kinakueleza mengi kuhusu watu unaoshughulika nao.

Njia ya kwanza: shule ya bweni

*Pesa.* Ufadhili kamili upo, ila ni adimu. Kinachotolewa zaidi ni punguzo la karo, na familia hubaki na nauli, sare, bima na likizo fupi za katikati ya muhula, ambazo bweni hufungwa na mtoto akahitaji mahali pa kulala. Watu hulisahau hilo la mwisho mpaka siku yenyewe.

*Masomo.* Hapa shule haina mpinzani. Mtoto atatoka na cheti kinachotambulika, na atakuwa ameishi ndani ya ratiba ya mtu mzima anayemwangalia.

*Raga.* Afrika Kusini na New Zealand, raga ya shule ni jambo kubwa; mechi za timu ya kwanza huonyeshwa moja kwa moja na kujaza viwanja. Shule kama Grey College ya Bloemfontein na Paarl Gimnasium huwa kana kwamba ni klabu zenye madarasa. Craven Week, mashindano ya majimbo kwa vijana wa shule yaliyoanza 1964, ndiyo soko ambalo maskauti hulihudhuria. Uingereza nako kuna Millfield na Hartpury. Lakini uliza kwanza kama mgeni ataruhusiwa kucheza: mashindano mengine ya shule huweka ukomo wa wanafunzi waliohamia au wanaotoka nje ya nchi, na mtoto anaweza kufika akakuta nafasi za timu ya kwanza zimejaa kwa mujibu wa kanuni, si kwa uwezo.

Mfano ambao wengi wanaujua ni Michael Leitch. Aliondoka Christchurch akiwa na miaka 15 kwenda kusoma sekondari Sapporo, Japani, mwaka 2004. Akajifunza lugha, akaendelea na Chuo Kikuu cha Tokai, akachukua uraia 2013, na 2015 akaiongoza Japani kuifunga Afrika Kusini 34–32 mjini Brighton. Safari yake inaonyesha faida ya kwenda mapema: lugha na nchi humwingia mtu akiwa bado laini.

*Karatasi.* Aliye chini ya miaka 18 huhitaji ridhaa ya wazazi na mlezi anayejulikana katika nchi anayokwenda. Uingereza ina viza yake maalumu ya wanafunzi watoto, wa miaka 4 hadi 17.

*Mambo yakiharibika.* Goti likikatika Jumamosi, Jumatatu darasa lipo. Hatari iko kwenye ufadhili unaofungamana na kucheza; taka iandikwe kwamba majeraha hayaukati. Hatari nyingine ni upweke. Mtoto wa miaka 15 anayelia usiku kwa wiki tatu hana udhaifu wowote, ila huenda muda wake haujafika.

Inamfaa mwenye miaka 14 hadi 16, anayesoma vizuri, ambaye familia yake inaweza kubeba gharama zinazobaki.

Njia ya pili: chuo kikuu

*Pesa.* Marekani ndiko watu wengi hutazama. Raga ya wanaume huko haimo chini ya NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, kwa hiyo kila chuo huamua chenyewe kitatoa nini, na ofa mbili zinaweza kutofautiana kama usiku na mchana. Life University ya Georgia na Lindenwood ya Missouri zinajulikana kwa ufadhili wa raga. Kwa wanawake, NCAA iliiweka raga kwenye orodha ya michezo inayochipukia mwaka 2002, na vyuo kama Harvard na Dartmouth vina timu kamili za wanawake. Hivyo viwili viko kwenye Ivy League, kundi la vyuo vikongwe, ambayo haitoi ufadhili kwa sababu ya michezo. Msaada wake hutegemea uwezo wa familia kifedha. Ni jambo la kulijua kabla ya kuanza kujaza fomu. Kwingineko ufadhili mwingi hutolewa mwaka kwa mwaka, kwa hiyo swali la kuuliza ni sharti la kuufanya upya: alama za darasani, kucheza, au vyote viwili?

*Masomo.* Shahada yenyewe ndiyo ngao ya njia hii. Tahadhari ni moja: chagua kozi kwanza, kisha timu. Kijana aliyetaka uhandisi akaishia kozi asiyoipenda kwa sababu ndiyo inayopatana na ratiba ya mazoezi atalilipa deni hilo muda mrefu.

*Raga.* Kiwango kinatofautiana sana. Afrika Kusini ina Varsity Cup tangu 2008, na Uingereza ina BUCS Super Rugby tangu 2016. Mashindano hayo mawili ya vyuo hutoa wachezaji kwa klabu za kulipwa. Marekani timu chache za juu ni nzuri kweli, na pengo kati yao na zilizobaki ni kubwa. Major League Rugby, ligi ya kulipwa ya huko, ilianza 2018, na tangu 2020 huchagua wachezaji kutoka vyuoni, ingawa klabu zake kadhaa zimeshafungwa. Kombe la Dunia la wanaume litachezwa Marekani 2031 na la wanawake 2033, hivyo macho yanaelekea huko.

*Karatasi.* Hapa ndipo vijana wengi hunasa. Mwenye viza ya mwanafunzi Marekani haruhusiwi kufanya kazi zaidi ya saa 20 kwa wiki wakati wa muhula, na ni ndani ya chuo. Uingereza, mwenye viza ya mwanafunzi haruhusiwi kuwa mchezaji au kocha wa kulipwa, na maana ya "mchezaji wa kulipwa" kwa maofisa wa uhamiaji ni pana: kuwahi kuvaa jezi ya timu ya taifa ya vijana kunaweza kuhesabiwa. Kijana wa namna hiyo aulize ofisi ya wanafunzi wa kigeni ya chuo kabla ya kulipa chochote.

*Mambo yakiharibika.* Ukiniuliza, njia hii humwacha kijana na kitu mkononi hata raga ikiisha. Lakini matibabu Marekani ni ghali mno, basi soma sera ya bima mstari kwa mstari, hasa sehemu inayohusu majeraha ya michezo.

Inamfaa aliyemaliza sekondari kwa alama nzuri, anayekua taratibu kimwili na bado hajafikia ubora wake.

Njia ya tatu: akademi ya klabu ya kulipwa

*Pesa.* Akademi ni za aina mbili, na ukizichanganya umeumia. Kuna zinazomlipa kijana posho, chumba na chakula kwa sababu zinamtaka. Kuna nyingine zinazolipwa na mzazi, kama shule yoyote ya binafsi. Zote zaweza kuwa nzuri, ila ya pili isikuaminishe kwamba klabu imemchagua mwanao.

*Masomo.* Ufaransa, kituo cha malezi kilichoidhinishwa kina wajibu wa kisheria wa kumpa kijana masomo au mafunzo ya ufundi sambamba na raga. Kwingine hutegemea klabu. Ratiba ni nzito, na kijana asiye na nidhamu ya kusoma atayaacha masomo ndani ya mwaka.

*Raga.* Hii ndiyo njia fupi na yenye ushindani mkali kuliko zote. Kwa Ufaransa kuna jambo linaloeleza kwa nini klabu huwatafuta vijana wa nje mapema. Ligi ya kulipwa huko huzibana klabu zijaze kikosi kwa wachezaji waliolelewa Ufaransa, wanaoitwa JIFF. Sifa hiyo haitazami pasipoti, inatazama malezi: kijana wa kigeni anayemaliza misimu 3 katika kituo kilichoidhinishwa kabla ya umri uliowekwa huipata. Mwenye miaka 17 au 18 kwa hiyo ana thamani ambayo mwenye 22, hata akiwa bora zaidi, hana. Kabla ya kufika Top 14 au Pro D2, madaraja mawili ya juu ya kulipwa, atacheza Espoirs, ligi ya vijana wa klabu hizo, na makocha watazungumza Kifaransa kuanzia siku ya kwanza.

Upande wa kusini, Tendai Mtawarira alitoka Zimbabwe kwenda akademi ya Sharks, Durban, na akaishia na mechi 117 za Springboks, timu ya taifa ya Afrika Kusini, na Kombe la Dunia la 2019. Hata yeye, karatasi zilimletea shida: mwaka 2010 haki yake ya kuichezea Afrika Kusini ilitiliwa shaka mpaka alipopata uraia.

*Karatasi.* Mkataba ndio kila kitu hapa, na huja na wakala. Sheria ya Ufaransa hairuhusu wakala kulipwa kwa mkataba wa mchezaji aliye chini ya umri wa utu uzima. Anayekudai "ada ya majaribio" kwa ajili ya mtoto wa miaka 16, mwonyeshe mlango. Wakala halali huwa ametambuliwa na chama cha raga cha nchi anakofanyia kazi, na jina lake linaweza kuulizwa huko.

*Mambo yakiharibika.* Soma kifungu cha majeraha kabla ya kifungu cha mshahara. Kiseme nani anatibu, posho inaendelea kwa miezi mingapi, na kama klabu inaweza kuvunja mkataba mchezaji akiwa kwenye magongo. Kumbuka pia kwamba klabu yenyewe inaweza kufa: Uingereza, Worcester na Wasps zilifilisika 2022 na London Irish ikafuata 2023, zote zikiwa ligi kuu. Wachezaji waliokuwa na mikataba mizuri walijikuta hawana timu katikati ya maisha.

Inamfaa mwenye mwili na ufundi ulio juu ya umri wake, mwenye miaka 17 hadi 19, na mwenye mtu anayeweza kumsomea mkataba.

Njia ya nne: klabu ya ridhaa

Huyu anakwenda kwa msimu mmoja au miwili, anacheza Jumamosi na kufanya kazi siku nyingine.

*Pesa.* Klabu kawaida hutoa chumba, msaada wa kutafuta kazi, na pengine nauli. *Masomo.* Hakuna, labda ajipangie mwenyewe. *Raga.* Atacheza kila wiki na watu wazima, jambo ambalo akademi haiwezi kumwahidi. Misimu ya kaskazini na kusini huingiliana kwa sehemu tu: kaskazini huanza Septemba mpaka Mei, kusini ni takribani Machi mpaka Agosti, na wapo wanaoicheza yote miwili kwa mwaka. Mwili wa miaka 19 hauhitaji hilo. *Karatasi.* Viza za likizo na kazi hutolewa kwa pasipoti za nchi fulani tu, na wengi hugundua hivyo wakiwa wameshaaga nyumbani. *Mambo yakiharibika.* Ndipo njia hii ilipo dhaifu. Asiyeweza kucheza pengine hawezi pia kubeba mizigo ghalani, na chumba cha klabu kilikuwa cha mchezaji. Awe na bima yake mwenyewe na nauli ya kurudi isiyoguswa.

Inamfaa mwenye miaka 20 na zaidi, aliyekwisha kushika ufundi au shahada, anayetaka kujipima.

Maandalizi hayafanani

Video kila njia huihitaji. Iwe ya dakika 3 hadi 5, na kabla ya kila kipande duara au mshale umwonyeshe kijana ili kocha asimtafute. Makosa ya kawaida ni kuijaza trai, yaani mabao ya raga. Kocha anataka kuona kazi isiyo na mpira: anakaba, anainuka, anafika raki inayofuata (rundo la kugombea mpira ulio chini), anafukuza mpira uliopigwa mbali. Ambatanisha mechi mbili nzima ambazo hazijakatwa, moja ya kushinda na moja ya kufungwa.

Kwa akademi na vyuo vikubwa, zoea jaribio la Bronco. Unakimbia mita 20 na kurudi, 40 na kurudi, 60 na kurudi, mara 5 bila kupumzika, jumla mita 1,200. Chini ya dakika 5 ni mwanzo mzuri. Mabeki (wachezaji wa nyuma) wa kiwango cha juu hukaribia dakika 4 na nusu. Andika tarehe na muda kila mwezi, kwa sababu maendeleo ya miezi sita humshawishi kocha kuliko namba moja nzuri.

Wacheza mstari wa mbele wana shida yao. Kanuni za chini ya miaka 19 haziruhusu skramu, yaani msukumano wa timu mbili zilizofungamana, kusukumwa zaidi ya mita 1.5, na kijana aliyezoea hivyo akitupwa ghafla mbele ya propu (mchezaji wa mstari huo) wa miaka 30 shingo yake iko hatarini. Huyo shule au akademi humfaa kuliko klabu ya ridhaa, na mazoezi ya shingo yaanze mwaka mzima kabla.

Kimo cha kukaba nacho hutofautiana. Raga ya ridhaa ya Ufaransa ilikataza kukaba juu ya kiuno tangu 2019. Uingereza, tangu 2023, mwisho ni chini ya kifua. Mwenye mazoea ya kukaba juu atajaza kadi za njano.

Na virutubisho vya unga: asitumie chochote ambacho hakijapimwa na maabara inayotambulika. Vijana wa shule waliopimwa Craven Week wamewahi kukutwa na dawa zilizokatazwa, na adhabu hufuata jina popote liendapo.

Kulingana na hali yako

Kama ana miaka 15 na anapenda vitabu, anza na shule, lakini zungumza na mlezi wa bweni kabla ya kuzungumza na kocha. Kama ana miaka 15 na hapendi vitabu, mwache akue nyumbani miaka miwili zaidi; akademi haitamkimbia kama kipaji ni cha kweli.

Kama ana miaka 18 na Ufaransa inamtaka, kila mwaka wa kusubiri unapunguza nafasi yake, kwa sababu ya ile hesabu ya misimu 3. Mwanzishie Kifaransa wiki hii hii.

Kama ni msichana, chuo kikuu cha Marekani au Uingereza kitazamwe kwanza, maana ndiko milango ya wanawake iliyo wazi zaidi kwa sasa.

Kama familia haina akiba ya dharura, kata njia ya nne, na katika zile tatu chukua tu ofa iliyoandika matibabu.

Kama ana ofa mbili zinazolingana, omba kila timu ikuunganishe na kijana wa mwisho wa kigeni iliyemchukua, hasa aliyeumia akiwa kwao. Mpigie wewe mwenyewe, timu isiwepo kwenye simu, na umuulize nani alimpeleka hospitali.